Gari la Kupandia Ngazi

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi niitikie kimoyomoyo uendelee kusoma, maana nahitaji msaada na watu wa nyumbani kwangu wote wamesimama upande mmoja, nami nimebaki peke yangu upande wa pili na gari ambalo bado si langu.

Mimi ni mkunga mstaafu. Nimezalisha watoto ambao leo ndio wanaonipima presha na kuniuzia vocha, na kwa miaka yote ya kazi nilikuwa natumwa kwenye zahanati za mbali kwa magari ya idara, ambayo mbele hukaa dereva na mganga mkuu, na mimi nyuma juu ya tairi la akiba, nimekumbatia boksi la chanjo, gari likirushwa na mimi narushwa, kwa hiyo barabara zote mbaya za upande huu nazijua kwa mgongo, kwa macho sijawahi kuziona. Sasa nimestaafu, leseni ninayo, nimejifunza kwa kigari cha binti yangu, kiinua mgongo kimeingia benki, na kama kuna mgongo uliostahili kuinuliwa ni huu wangu, ndipo siku moja natoka sokoni nikaliona.

Lilikuwa mbele ya gereji, limebandikwa karatasi ya LINAUZWA kwenye kioo. Ni gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, si jipya, ila mwenyewe amebadilisha kila kitu isipokuwa rangi, springi zimeinuliwa mpaka mbuzi anapita chini bila kuinama, matairi ni mapana kama mapipa, mbele kuna bampa la chuma na winchi ya kujivutia ukikwama, ubavuni limesimama bomba la kupumulia gari likiingia majini, juu ya paa kuna hema la kulala, na ndani, juu ya kioo, swichi zimejipanga kama kwenye ndege, nyingine hata mwenyewe hakumbuki ni za nini. Kupanda unapanda kwa kingazi cha kukunja. Nilipofika juu nikashika usukani na kutazama mbele, mshauri, nikaona mapaa ya watu.

Mwenyewe ni kijana mpole wanayemwita Tope. Alinieleza habari za gari lile kama mzazi anayeozesha binti wa pekee, hiki kilitoka wapi, kile alikifunga kwa nini. Nikamuuliza amewahi kufika nalo wapi. Akasema amelipeleka kwenye maonyesho, na mara nyingine kwenye dimbwi la nyuma ya uwanja wa mpira, kupiga picha. Analiuza kwa sababu wamepata mtoto, na viti vya nyuma alishaving'oa akaweka friji na makabati, kwa hiyo mtoto hana pa kukaa, mkewe akamwambia achague, yeye akaomba muda wa kufikiri, na mke akalihesabu hilo kuwa ndilo jibu.

Niliposema nyumbani kwamba nataka kulinunua, kikaitishwa kikao cha familia. Mwanangu wa kwanza, mtu wa ofisi, aliuliza watu watasemaje wakimwona mama yake anashuka ngazi mbele ya duka. Binti yangu alisema ninunue gari dogo linalojibadilisha gia lenyewe kama wanawake wa rika langu. Mkwe wangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alitueleza habari za difu na gia ya chini mpaka chai ikapoa, hakuna aliyeelewa wala aliyethubutu kumkatiza. Mume wangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, alisema sentensi moja tu, kwamba yeye kwa magoti yake hawezi kuingia kwenye gari kama anayeingia darini, kisha akarudi kwenye gazeti lake.

Sikukata tamaa. Jumatatu yake nikaenda kulijaribu, Tope kando yangu. Kusema kweli linaendesheka, ila ukikata kona sana matairi yanasugua madigadi na kulia kama ng'ombe, na breki ukiikanyaga linafikiria kwanza, Tope akasema hiyo ni kawaida ya magari yenye hadhi. Nikamwambia tupitie hospitalini nikawasalimie wenzangu, nia yangu hasa, sikufichi, ni wanione. Pale getini juu kuna chuma kilicholazwa kuzuia magari marefu, na kimeandikwa kimo chake kwa rangi nyekundu, nimepita chini yake kwa miguu maisha yangu yote na sikuwahi kukisoma. Nikaingia kwa madaha. Chuma kikalishika hema, pakalia mlio wa kitu kuchanika, na hema lote likafunguka likamwagika juu ya kioo chetu na juu ya kibanda cha mlinzi, mlinzi yumo ndani.

Nyuma yetu king'ora kikalia. Lilikuwa gari la wagonjwa. Tope alianza kubonyeza swichi, taa zote zikawaka, winchi ikaanza kuvuta hewa, honi ya meli ikalia yenyewe na ikakataa kunyamaza. Mimi nikashuka kwa kingazi, kinyumenyume, nikamfuata yule dereva kumwomba radhi, naye akanijibu maneno nisiyoweza kuyaandika gazetini. Ila kutoka ndani ya gari lake nikasikia sauti ya mama mmoja, na mshauri, sauti ile mimi naijua, ile siyo ya kuomba msaada, ni ya kutangaza kwamba mtoto hasubiri mtu. Nikafungua mlango wa nyuma. Muuguzi aliyekuwa naye alikuwa binti mdogo, akanikodolea macho.

Nikamwambia, "Nipe glovu. Usiniangalie mimi, mwangalie mama."

Mtoto alizaliwa pale getini kabla hema halijakunjwa. Msichana, akalia mwenyewe bila kupigwapigwa. Mama yake akanishika kiganja akakigandamiza usoni kwake, mimi nikalia kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Watu waliojaa getini walipiga makofi, wengine walipiga picha, na mlinzi akatoka chini ya hema akiuliza nani ameshinda.

Sasa mimi nimelichukua tukio hili kuwa ishara. Bila gari lile nisingekuwepo pale. Binti yangu anasema bila gari lile yule mama angekuwa wodini. Tumegombana, hatujasalimiana vizuri mpaka leo. Mume wangu naye, juzi nilimkuta nje na utepe wa kupimia, anapima upana wa lango letu, nikajua anatafuta ushahidi kwamba gari halitapita. Tope anasema kuna mtu mwingine analitaka na nitoe jibu wiki hii. Nalala nalo, naamka nalo. Nilinunue au nisilinunue? Nishauri haraka.

Mimi,
Mkunga wa getini

*

Mama yangu, umenizidi umri, kwa hiyo shikamoo ni ya kwangu, na unisamehe mapema, kwa sababu nakugombeza.

Kwanza gari la wagonjwa. Umeliandika kama muujiza, nami nimelisoma nikashika kichwa. Ulifunga mlango wa hospitali kwa hema. Mtoto amezaliwa salama kwa sababu mikono yako haijasahau na Mungu alikuwa na subira siku hiyo. Kama yule mama angekuwa anatoka damu, wewe unajua kuliko mimi kwamba glovu peke yake isingetosha pale nje, na leo ungekuwa unamwandikia mtu mwingine, si mimi. Ishara ilikuwepo, ni kweli. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kichwa chako. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote lingine, nenda ukamtafute yule dereva akiwa ametulia, umwombe radhi, na usimkumbushe aliyokutukana. Halafu umwendee mlinzi. Nenda kwa miguu.

Pili, familia yako. Nimecheka, mama, sikuongopei. Mwanao anaogopa macho ya dukani, binti yako anakupangia rika lako liendeshe nini, na huyo mkwe ningempa kipindi redioni. Sababu zao ni dhaifu. Lakini mtu anaweza kufika kwenye jibu sahihi kwa njia ya kijinga, na wenzako wamefika. Usilinunue gari hilo.

Nakwambia kwa nini, na ushahidi wangu wote nimeutoa kwenye barua yako mwenyewe. Gari likiinuliwa na kuvikwa matairi makubwa, breki zilezile za kiwandani zinapewa mzigo ambao hazikutengenezewa, na hilo lako limekwishakwambia kwamba linafikiria kwanza. Breki haitakiwi kuwa na fikra. Matairi yanayosugua madigadi kwenye kona ya mjini yatafanya nini kwenye kona ya mlimani? Swichi ambazo mwenyewe hazijui zina nyaya, na nyaya hizo zinapita mahali fulani, na hakuna ajuaye ni wapi. Hujaniandikia kama lilikaguliwa baada ya kubadilishwa, wala kama kampuni ya bima inajua kwamba limebadilishwa, na siku ya ajali hilo ndilo swali watakaloanza nalo. Huyo Tope si tapeli, namwamini na namhurumia, ila amejenga gari la kwenda kila mahali na hajawahi kwenda popote. Yote aliyoyafunga humo hayajajaribiwa. Unataka wewe ndiye uyajaribu, mtoni?

Na huyo mtu mwingine anayelitaka wiki hii, mama, umezaa na umezalisha, bado hujamjua? Huyo mtu yupo kwenye kila gari linalouzwa. Sijawahi kukutana naye hata mara moja.

Nina jambo jingine la kukugombeza. Miaka yote ulirushwa juu ya tairi la akiba kwa sababu waliopanga safari hawakumfikiria wa nyuma. Leo ni zamu yako kupanga safari, na umependa gari lisilo na kiti cha nyuma. Wajukuu watakaa wapi, juu ya friji?

Baada ya hapo sikugombezi tena. Kutaka si kosa. Mwanamke aliyetumikia watu umri mzima akitaka kuziona kwa macho barabara alizozijua kwa mgongo, hiyo si tamaa, na asikudanganye mtu kwamba umepata wazimu wa uzeeni. Wala sikwambii urudi wodini eti kwa sababu ulilia pale getini. Umestaafu kihalali, machozi si barua ya ajira. Ila nimeona kwamba kikao kizima kilizungumza habari za gari, na hakuna aliyekuuliza unataka kwenda wapi. Na wewe umenieleza mpaka honi ya meli, hukuniandikia jina la kilima kimoja.

Sasa huyo mzee wako. Umemkuta anapima lango ukadhani anatafuta ushahidi. Mama, mtu asiyetaka gari liingie kwake hahangaiki na utepe, anasema hapana, anasoma gazeti. Huyo alikuwa anataka kujua kama litapita. Ni mwalimu wa jiografia, umri wote amewaonyesha watoto wa wenzake mito na mabonde kwa fimbo ubaoni. Kwenye kikao hakusema hataki safari, alisema magoti yake hayawezi. Wewe ulisikia kukataliwa, mimi nimesikia mtu anayeogopa kuachwa. Kaa naye leo, zima redio, umuulize ni wapi amefundisha na hajafika. Halafu umsikilize mpaka mwisho, hata akianzia kwenye miamba.

Mkishajua mnakokwenda, tafuteni gari la kwenda huko. Yapo ya kuvuta kwa magurudumu manne kama yalivyotoka kiwandani, yenye kimo ambacho goti la mwalimu litakubali na viti vya nyuma mahali pake. Chukua makanika wako mwenyewe, asiyefahamiana na muuzaji. Linganisha namba ya chesisi na iliyo kwenye kadi ya gari, wewe kwa macho yako, usiambiwe. Lijaribu mkiwa mmejaa ndani, kwenye mteremko, na ukanyage breki kwa nguvu, likifikiria, shuka. Na umtafute mwalimu wa udereva akufundishe matope na kokoto, kwa sababu gari dogo la binti yako halikukufundisha hayo, na kujua barabara kwa mgongo hakutoshi kuiendesha.

Na binti yako umpigie simu wewe. Katika ugomvi ule yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na kwa mkunga kukiri hilo hakuumi, kama mnavyowaambia wajawazito kwamba haiumi.

Mwisho ni Tope. Usimkimbie wala usimwache kwenye matumaini, ana mtoto mchanga na mke anayesubiri. Nenda kesho umwambie hapana, ukiwa umesimama chini. Umshauri avirudishe viti vya nyuma, auze hema peke yake na winchi peke yake, huenda mkewe akampokea yeye na gari pamoja. Atakuomba upande mara moja tu, ukae kidogo, uliage.

Usipande.