Mlango Sijaukomea

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na juu ya salamu uongeze heshima. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba shemeji ameacha kubishana na daktari juu ya chumvi. Sisi huku hatujambo. Mimi pumzi ninazo, ingawa ngazi za nyumbani siku hizi nazipanda kwa vituo. Najua utashangaa kupata barua ya mkono na simu ipo. Simu nimeijaribu mara tatu, Dada, na mara zote tatu tumeishia kuzungumzia goti.

Usishtuke, siumwi ugonjwa wa kufa. Ila mpiga besi wetu wa zamani alifariki mwaka jana bila wosia, na watoto wake mpaka leo hawasalimiani. Mwenzako akinyolewa, nawe tia maji. Nikaenda kwa wakili. Ni binti mdogo kabisa, ofisi yake iko juu ya duka la miwani, na feni lake halishiki mdundo hata kidogo. Aliponieleza kwamba nyimbo zangu zitaendelea kulipwa mirabaha miaka mingi baada ya mimi kuzikwa, nilimwambia basi nitapata kazi zaidi kaburini kuliko niliyoipata nikiwa hai. Hakucheka. Alisema ndiyo maana lazima niandike nani atapokea, na nani atakuwa na kauli ya mwisho siku mtu akija kutaka wimbo wa kutangazia sabuni.

Wanangu nao wakaanza. Kaka mtu, yule fundi wa majokofu, alitaka haki zote ziuzwe kwa kampuni mara moja, kila mtu achukue chake. Dada yake mwalimu akasema mwenye akili hauzi kuku kwa sababu leo anataka yai. Walibishana mezani mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti. Mwisho nikaamua: wagawane nusu kwa nusu, na kauli abaki nayo binti yangu. Wakakubali wote, hata mkwe, ambaye kwa kawaida hakubali hata saa ya ukutani.

Kumbe kazi ilikuwa bado. Wakili alitaka karatasi za kwanza za kila wimbo, zile nilizoandikia kwa mkono, aziweke kwenye jalada kuwa ushahidi kwamba mtunzi ni mimi. Unanijua, situpi kitu. Nikambebea lile sanduku la bati la Mama. Akatoa moja moja: migongo ya risiti, pakiti za sigara, nusu ya kalenda. Halafu akashika karatasi moja ya mistari, mwandiko umelala upande, safi, hauna hata neno moja lililokatwa. Akaniuliza huo ni mkono wa nani. Nikasema ni wangu wa ujanani. Akanisomea mstari wa kwanza, polepole: “Mama, hili sikutaka kuliandika ukurasa wa kwanza.” Kisha akaweka kalamu chini, akasema mtu harithishi cha mwenzake.

Na wimbo wenyewe ni ule, Dada. Unaopigwa kila harusi, watu wakicheza wakidhani ni mwanamke anamwita mpenzi wake. Huo ndio unaolipa. Zile nyingine thelathini na mbili ni wasindikizaji tu. Mwanangu alipoelewa urithi wake umesimama juu ya karatasi ile, aliniambia taratibu kwamba karatasi ni karatasi, na kiberiti kipo. Sikumkemea. Ningemkemea vipi, na mimi nimejiambia hayo hayo miaka thelathini na nne?

Sasa nisikilize, maana haya ndiyo niliyoshindwa kuyasema kwenye simu. Unaukumbuka mwaka ule, mimba yako ya kwanza, shemeji yuko safarini kikazi, nawe peke yako mji wa mbali. Barua yako ilikuja ina kurasa mbili. Mama alikuwa jikoni anachambua mchele, nikaketi nimsomee kama kawaida. Nikasoma ukurasa wa kwanza wote, salamu, majirani, paa linalovuja. Nikashika wa pili, macho yakatangulia mdomo. Uliandika: “Njoo, Mama, naogopa. Mlango sijaukomea, mchana wala usiku. Ukifika, sukuma tu.”

Nikaukunja ule ukurasa. Mama akauliza kama umeandika kingine. Nikamwambia umemalizia kwa salamu.

Sikuwa na sababu nyingine ila hiyo: maneno yalikuwa mazuri, na nilijua nikiyasoma kwa sauti Mama atainuka kutafuta mkoba wake, na yatakuwa yake, si ya daftari langu. Niliyataka kwa jioni moja. Nilisema nitamsomea kesho. Kesho ikazaa kesho. Nilipopata ujasiri, habari ilikwisha fika kwamba umejifungua, na aliyekushika mkono ni mke wa jirani. Na wimbo ulikuwa umekamilika.

Nawe ukausikia redioni, ukajua maneno yako, ukaamini Mama aliyasikia akakataa kuja, kisha akanipa niyaimbe. Usikane. Siku ya harusi yangu, wimbo ulipopigwa, uliondoka ukaenda kuosha sahani safi. Nyumbani ulirudi mara tatu tu, na ya tatu ilikuwa ya kumzika Mama. Hukuuliza kwa kiburi chako, mimi sikusema kwa woga wangu, na aliyelipia ni yeye. Kila mara alinitaka nimwambie amekukosea nini. Nilimjibu una shughuli nyingi.

Humu nimetia fomu ya kurekebisha jina la mtunzi: maneno ni yako, sauti ni yangu. Tia sahihi au usitie, kwenye wosia wangu wimbo ule haumo tena. Mwanangu amenuna. Binti yangu ndiye anayeipeleka barua hii posta, maana hamwamini baba yake. Nimetia pia ukurasa wako. Ni haki yako urudi kwako, ingawa si wewe uliyepaswa kuusoma.

Mama aliupenda wimbo ule, Dada. Ukianza redioni, alikuwa akiongeza sauti. Siku moja alisimama na ufagio mkononi mpaka ukaisha, akaniuliza huyu anayeita mbona amengoja sana, na huyo anayeitwa ana moyo gani hata asiende. Nilimwambia ni wimbo tu.

Nisalimie shemeji, na yule mtoto wa mwaka ule, ambaye sasa ana ndevu kunizidi. Sitapiga simu. Nitangoja upige wewe, na usipopiga nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, uliyemwita Kasuku tangu utotoni, na hukukosea.