Kano za Mkono Wako, Baba

Mpendwa baba,

Shikamoo. Hakuna wa kuniitikia, lakini sijui kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Naukumbuka mwaka kisu cha kiwandani kilipokukata kiganja cha kulia ukitoa minofu ya sangara. Ngozi ilipona upesi. Zilizokatika ndani ni kano, zile kamba zinazokunja vidole. Daktari aliziunga kwa uzi, akakuonya usibebe kitu chochote mpaka akuruhusu. Kiwandani wakasema nafasi yako haiwezi kukusubiri. Ukarudi. Ulipoinua kreti la samaki, uzi ukazichana kano, vidole vikabaki vimenyooka. Walikupasua tena, vikakakamaa kabisa. Kazi ikaishia hapo.

Lakini kilichokumaliza ni kula. Kutumia mkono wa kushoto mbele za watu uliona aibu, na kijiko ulikikataa. Mama akawa anakumegea ugali chumbani, mlango umefungwa. Wajomba walipokuja kutoka Usagara, uliwaambia, "Kuleni tu, mimi nimekula mjini." Hukuwa umekula. Ukakonda, ukaacha kanisa, ukaacha kupeana mikono na watu. Homa ya mapafu ilipokuja, haikukuta mtu wa kupigana nayo.

Siku hizi nafanya utafiti wa kuunga kano. Nachukua za ng'ombe machinjioni, nazikata, nazishona, kisha mashine inazivuta mpaka ziachie. Tatizo ni lile lile lililokupata: uzi unashika sehemu ndogo, ukivutwa unaipasua kano yenyewe. Mimi naivalisha wavu mwembamba, laini, ili mzigo ugawanyike. Mwezi uliopita wavu ulishika. Mashine ikavuta, ikavuta, kano haikuachia. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nje nikalia, kwa sababu mtu niliyetaka kumpigia simu amezikwa Bujora.

Wiki hii daktari mmoja aliniita nimwone mama anayekata minofu, jeraha lake kama lako. Yule mama alishasikia habari za wavu wangu. Akaniuliza, "Hicho kitu chako kitauwahi mkono wangu?"

Hatujakijaribu hata kwa mbuzi aliye hai. Nikamwambia, "Hapana, mama. Hakitauwahi."

Aliniomba nimfungulie chupa ya maji, akanywa kidogo, akageukia ukutani.

Nilikaa naye mpaka ndugu zake walipofika. Sikuwa na kingine cha kumpa.

Pumzika, baba.

Binti yako wa mwisho