Hodi kwenye Chumba cha Mvuke

Mama Neema wangu,

Huko uliko najua umeshawaambia wote kwamba mumeo ni mwoga. Basi waambie vizuri. Ni yule yule aliyevuka mipaka minne bila pasi, akala na wanajeshi na kuwachekesha hadi wakasahau kumnyang'anya viatu. Darasa la sita lilinishinda, lakini dunia nimeisoma yote. Chumba kimoja tu hapa Birmingham ndicho kilichonitisha, na wewe ulikuwepo.

Unalikumbuka lile jengo la Newtown, bafu za zamani za manispaa, tulikokuwa tukisafisha pamoja? Nyuma kulikuwa na chumba cha vigae vyeupe, na ndani yake sanduku kubwa la chuma lenye mlango mnene kama wa benki. Mzee mtunza jengo alitueleza mambo ya enzi za bibi yake: mtoto akishikwa na dondakoo, gari la farasi lilimpeleka karantini, na blanketi lake likaletwa hapa kupigwa mvuke, vijidudu vife.

"Blanketi lilirudi nyumbani kila mara," akasema. "Mtoto, si kila mara."

Tangu siku hiyo hukuingia mle bila kupiga hodi. Nikakucheka.

"Nani atakujibu, mke wangu? Hao ni wazungu."

"Mtoto hana uzungu. Na wewe, ukiwa kwa watu, nyamaza."

Ukapiga hodi. Ndani kukagongwa: ko, ko. Nikasema ni mabomba. Ukasema, "Wametukaribisha," ukaingia na ndoo yako. Mimi nikaligusa lile sanduku. Lilikuwa vuguvugu, na mzee alikwisha kuapa kwamba halijawashwa tangu hajaoa. Hapo hapo nikakumbuka kwamba ngazi hazijafagiliwa.

Halafu yakaja maradhi yako ya mapafu. Hospitali walinivisha barakoa, mwisho wakanipa kitenge chako ndani ya mfuko uliofungwa. Blanketi likarudi nyumbani. Neema, kwa Kiingereza chake, ananiambia kila siku: Papa, kifue tu. Sijaweza. Nikikifua, harufu yako itakaa wapi?

Jengo linabomolewa wiki ijayo. Leo nimekwenda na mfuko ule kwapani. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya. Ya tatu nikaishikilia mdomoni, maana desturi unaijua: ukipiga tatu bila jibu, unaondoka.

Ndipo mlango ukagongwa kutoka ndani. Ko, ko. Taratibu, kama mgeni anayeomba kuja kwetu.

Sikukimbia. Waambie na hilo. Nilisema karibu, nikafungua mfuko, nikajitanda kitenge mabegani ndani ya basi hadi nyumbani Lozells, abiria wakinitolea macho. Kilikuwa na joto, kama kimetoka mgongoni mwako sasa hivi.

Neema alipofungua mlango hakunicheka. Alisogea pembeni, akaacha nafasi ya watu wawili kupita.

Pumzika, mama. Kitenge nitakifua kesho. Wewe umeshafika.

Mumeo yule mwoga,
Baba Neema