Barua Iliyongoja Miezi Saba

Dada yangu,

Sijambo, ila kitambi kinafika kazini kabla yangu. Leo nimemwandikia mteja wangu mmoja, mwalimu, barua ya kwenda kwa daktari wa akili, aangaliwe kama anahitaji dawa za sonona na wasiwasi. Mshauri mwenzangu akacheka: “Umeshindwa, mzee. Sisi tunaponya kwa maneno.” Jogoo yule hajui kwamba kutakucha hata asipowika.

Na mimi je? Miezi saba nimemfundisha kupumua mtu asiyelala wala kula. Barua yenyewe mistari sita.

“Ilikuwa inangoja nini?” mwalimu akauliza nilipompa.

“Mimi nimalize kutafuta sifa.”

Akaniangalia. “Basi utanisindikiza.”

Kesho asubuhi naenda, nimembebea mkoba.

Ni mimi mdogo wako, jogoo mstaafu