Kiraka cha Tangi Lenu

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji, tena zikukute umekaa kitako, maana barua hii ni ndefu. Kikohozi chako kimepoa? Na goti la shemeji, linakubali kukunja au bado anapanda ngazi ya tela upandeupande? Sisi huku tunapumua na tunakula, ila tangu simu yako ya Jumapili chakula hakina ladha, hata nikikiunga vipi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nikikupigia utapandisha sauti, na mimi nitapandisha yangu, na tutaishia kwenye ile sufuria ya marehemu mama. Kwenye karatasi hunikatizi. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Naandika nimesimama jikoni, kwa sababu nikikaa, kiti kinanichoma. Ngoja nichungulie dirishani.

Nimerudi. Bado yuko uani, binti yetu. Anafuta vifaa vyake kimoja kimoja na kuvipanga ndani ya boksi.

Unajua mimi si mtu wa kujisifu. Lakini ukweli ni ukweli: hakuna mtu katika mtaa huu mzima anayejua plastiki kama mwanangu. Mimi niliishia darasa la sita, baba yake la nne, na mtoto huyu anakwangua tangi kidogo kwa kisu, anachoma ule unga, ananusa, anakwambia ni plastiki ya aina gani. Alipoanza kazi, mafundi wa kiume walimwita Bi Vyoo, kwa sababu anakubali matangi ya maji machafu ya haya matela ya safari yenye vitanda na vyoo ndani, ambayo wao wanayakwepa huku wameziba pua. Leo tangi likiwashinda wanalileta kwake kimyakimya, na wanamwita Daktari. Nimesikia kwa masikio yangu. Nilikuwa nimewapelekea chai makusudi nisikie.

Hata tangi lenu nilisimama naye mwanzo mpaka mwisho. Ule ufa ulikuwa mrefu kama kiganja, pale chini karibu na bomba la kutolea. Jambo la kwanza, akatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa. Nikamuuliza, mwanangu, watu wamekuletea tangi linalovuja na wewe unaliongezea matundu? Akacheka, akasema ufa ukifika kwenye tundu la duara unakosa pa kukimbilia. Dada, hayo alifundishwa na nani? Akili yake mwenyewe! Akasugua kwa msasa, akafuta kwa spiriti, akayeyushia kijiti cha plastiki ileile kwa hewa ya moto, halafu akalaza kiraka juu yake kwa ile gundi ya makopo mawili inayochanganywa. Gundi hiyo haitaki haraka. Akaandika kwa chaki ubavuni mwa tangi: MAJI MARUFUKU MPAKA ALHAMISI. Hiyo ilikuwa Jumanne asubuhi. Na mimi akaniambia kwa mdomo, mama, hata tone.

Sasa simu yako. Ulisema mmefika kambini na tangi limefunguka, harufu imewafukuza majirani, na shemeji na goti lake amelala chini ya tela na ndoo. Sikatai, mlipata taabu. Ulisema pia wale watu watatu wenye matela hapo kambini, uliowaahidi kuwaletea fundi, umeshawaambia wasimsubiri. Halafu ukasema mwambie mwanao arudi kwenye cherehani, tangi si gauni.

Simu ilikuwa kwenye spika, dada. Alikuwa nyuma yangu na sahani mkononi.

Hakulia. Afadhali angelia. Aliiweka sahani kabatini ikiwa haijaoshwa. Tangu siku hiyo anazunguka nyumba kama anatafuta kitu alichokidondosha. Ameenda kwa kila tangi aliloziba mwaka huu analoweza kulifikia, anakagua viraka vyake vya zamani, na vyote ni vizima, na hilo linamtesa zaidi, kwa sababu haoni alipokosea lenu. Amechana daftari lake la vipimo. Jana aliniambia mkono wake umekuwa mwongo, hawezi kuuamini tena. Na kesho Jumamosi saa nne anakuja mtu kununua vifaa vyote, pamoja na ile mashine ya hewa ya moto aliyoipata baada ya miaka miwili ya kushona sare za shule.

Ngoja ninywe maji.

Dada, mkono wake si mwongo. Mwongo ni mimi.

Jumanne ileile mchana alienda mjini kununua msasa. Jirani yangu wa ghorofani alikuwa anaanika nguo. Unamjua, yule mwenye mwana anayefanya kazi benki. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kuhurumia watu, kama binti yangu bado anahangaika na vyoo vya wenzake. Damu ikanipanda. Nikamwambia shuka uone kazi, wewe! Nikavuta mpira wa maji, nikajaza tangi mpaka juu, nikamwambia ainame atafute tone moja. Akainama, akalala kabisa chini na gauni lake zuri, hakuliona. Nikamcheka mpaka akafika ngazini.

Nilipoyatoa maji, nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kiraka. Kilikuwa kimeinuka, unene wa unywele tu. Nikakibonyeza kwa gumba huku nahesabu mpaka mia. Kikakaa. Maji yalikuwa yamefuta chaki, nikaiandika upya. Alhamisi mwanangu akajaribu kwa maji mwenyewe, hakikuvuja, akawakabidhi tela lenu kwa moyo mweupe. Barabara ikamalizia nilichoanza.

Siku tano nimeuma ulimi. Si kwamba nilikuogopa wewe. Ni kwamba nimezoea kuwa mama anayemsifia, sikujua nitakuwa nani nikiwa mama aliyemharibia. Basi nenda kwa wale watu watatu, uwaambie ni mama yake, si fundi. Unitukane mbele yao ukipenda. Tena utie chumvi.

Bahasha siifungi. Nampa yeye akaiweke posta, na najua ataisoma njiani, kama anavyosoma barua zangu zote. Kumwambia usoni nimejaribu mara nne, nikaishia kumuuliza kama amekula.

Msalimie sana shemeji, mwambie anisamehe kwa ile ndoo. Nawapenda nyote.

Ni mimi mdogo wako, mwenye aibu yake.

Naongeza baada ya kumpa bahasha: hakufika posta. Amerudi kutoka kona ya barabara na barua hii mkononi, ameshaisoma. Kumbe chaki ile aliijua ni mwandiko wangu, akadhani nimeikoleza ili wapita njia waisome vizuri. Hajanisamehe, amesema bado ana hasira na atakuwa nayo mpaka wiki ijayo. Lakini amempigia yule mnunuzi asije, na boksi amelifungua. Anasema Jumapili yuko kwenu na mashine yake, na barua hii ataibeba mwenyewe. Akishaziba, msitie maji hata tone mpaka aseme. Na mama, amesema, abaki nyumbani.