Siku ya Nne ya Kaka Athumani

Mjukuu wangu Saidi,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Iguguno tunaendelea, bibi yako anapepeta alizeti na goti lake limetulia kidogo.

Unauliza kama kiu ya sigara huwa inaisha, maana leo ni siku yako ya tatu tangu uache. Inaisha. Mimi nilichelewa kujua.

Kaka yangu Athumani alitangulia kuacha. Siku yake ya nne tulikuwa shambani tunapiga alizeti. Tulipopumzika, sisi wavutaji tulikaa pamoja, yeye akakaa peke yake akitafuna mbegu. Kisha akanifuata, akasema, "Mdogo wangu, njoo ukae na mimi kidogo, hii hali ipite." Nikacheka, nikamwashia sigara. Aliipokea huku ananitazama. Hakujaribu tena kuacha, mpaka kifua kilipomwondoa.

Mimi niliacha wiki ile tuliyomzika. Kiu ilipokuja nilikwenda kukaa pale alipokaa, ikapita. Kila mara ilipita.

Ikikujia nipigie simu, hata kama huna la kusema. Nitakaa na wewe.

Babu yako