Ufunguo Mdogo wa Baiskeli

Amsterdam,
Ijumaa, baada ya sala ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Neno hili naliandika kwanza, na nitalirudia mwisho wa barua, nawe utajua kwa nini.

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, magoti yasiwe yanakusumbua kwa baridi ya asubuhi, na Mama presha yake iwe imetulia. Mimi mwili wangu hauna neno, isipokuwa kiganja cha kulia kimechubuka, nacho kinapona. Barua zangu nne zilizotangulia nilimwandikia Mama, nikijua dada Rayya atazisoma kwa sauti nawe utasikia ukiwa chumbani kwako. Hii ni yako wewe. Isome mwenyewe.

Nakaa ghorofa ya nne, kwa mama mmoja mjane. Asubuhi hunipa mkate na jibini, hunionesha dirisha kwa kidole kwamba mvua inanyesha, na mazungumzo yetu ya siku yamekwisha. Daftari langu bado naliandika kama ulivyonizoesha, tarehe juu na hali ya hewa chini yake. Siku ambayo sikusema na mtu nje ya darasa naandika "kimya". Mwezi huu nimehesabu kimya kumi na moja. Yupo mwenzangu Nasser, wa huko huko Oman, kutoka Nizwa, mtu wa mzaha, lakini anakaa upande wa pili wa mji, na mazungumzo yetu ni ya Kiarabu. Unajua Kiarabu changu kinavyochoka upesi.

Masomo ya upimaji maji yanakwenda. Ila watu hawa wanasomea namna ya kuyatoa maji katika nchi yao, na mimi nimetumwa na afisi yetu ya maji nijue namna ya kuyafanya yasituishie katika falaji, mifereji yetu ya mashambani. Mwalimu akinichorea pampu, mimi namwuliza habari za kiangazi, naye anarudi kwenye pampu yake.

Sasa nikwambie kilichonifanya nikuandikie.

Jumapili iliyopita skuli ilitutembeza mji kwa baiskeli, wageni tisa, tukiongozwa na msichana anayesoma historia, jina lake Marijke. Saa nne asubuhi tulikuwa kwenye duka la baiskeli karibu na stesheni. Mwenye duka akampa kila mtu baiskeli nyeusi na kufuli lenye ufunguo wake. Baba, nilipoutazama ule ufunguo kiganjani niliganda. Mdogo, bapa, kichwa chake duara chenye tundu katikati. Ndio ule ulio katika kishada chako cha funguo, baina ya ule mkubwa wa mlango na ule wa kabati. Nilipokuwa na miaka kumi na tano nilikuuliza ni wa nini, ukanijibu ni wa sanduku. Nikalitafuta sanduku hilo nyumba nzima pale Ibra. Sikuliona.

Nasser akanigonga begani, akataka kujua kama naogopa. Nikamwambia sijapanda baiskeli tangu nina miaka kumi na mitatu, nilipokuwa Unguja. Yeye akasema hajapanda kitu ila punda, na ndivyo alivyopakiwa nyuma ya mwanafunzi mmoja wa Kituruki, miguu ikiburura.

Mji ni mzuri, sitakuficha. Nyumba ni ndefu na nyembamba, nyingine zimeinamia maji kama mtu anayetega sikio. Juu ya kila nyumba pana ndoano. Marijke alitueleza kwamba ngazi za ndani hazina upana, kwa hivyo vitanda na makabati hupandishwa kwa kamba, vikaingizwa madirishani. Nikakumbuka samadari ya Mama, kile kitanda chake, ilivyokwama mlangoni, ukaikata miguu, naye hajakusamehe mpaka leo. Alitueleza pia habari za matajiri wa zamani waliojenga mji kwa biashara ya manukato na viungo. Alipotaja karafuu nilitaka kuinua mkono kama mtoto wa skuli. Nikaacha.

Tulipovuka daraja la tatu, wenzangu wote walishika kulia, mimi nikashika kushoto. Sikuamua, ni mwili wenyewe. Gari nimefundishwa Ibra, na naendesha kulia mpaka Sur bila ya kufikiri. Lakini baiskeli nimefundishwa na wewe, Mnazi Mmoja, ukikimbia nyuma yangu umekamata kiti, kanzu umeifunga kiunoni, unaniambia, "Kushoto, baba, kaa kushoto kwako." Nikakaa kushoto kwangu. Mara mzee mmoja akanijia usoni juu ya baiskeli yake, na kapu la maua mbele. Nikabana breki za mkononi, kumbe hazipo. Baiskeli zile husimamishwa kwa kurudisha pedeli nyuma. Tukaanguka sote wawili, na maua yakamwagika njia nzima.

Alhamdulillahi hakuumia. Nilimkamata mkono kumwinua, na badala ya kumwomba radhi nikasikia sauti yangu mwenyewe inamwambia, "Shikamoo, mzee."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo tangu nilipoondoka nyumbani. Akasema jambo kwa lugha yake, taratibu, akanipigapiga mgongoni, tukaokota maua, akaenda zake. Sijui alisema nini, lakini aliniitikia.

Nasser huko nyuma ya Mturuki alikuwa hoi kwa kicheko. "Mzinjibari wewe, hata upande wako huujui!"

Marijke alinipangusa vumbi akaniuliza kama kwetu baiskeli hupita kushoto.

"Kwetu hakuna baiskeli," nikamwambia.

"Basi ulijifunzia wapi?"

"Kwetu."

Akangoja nimalize. Nikainua baiskeli yangu. Akaniambia nimfuate yeye nyuma mpaka mwisho, nami nikamfuata. Aliyoyaeleza baada ya hapo sikuyasikia, na katika daftari ukurasa ule una tarehe na mvua tu.

Nilikuwa naifikiri asubuhi ile niliyoondoka. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu, nikakwambia shikamoo, ukageukia ukuta bila ya kuitikia. Siku mbili kabla yake ulikuwa umeniambia, "Mimi nami nilipotoka Unguja niliaga wiki mbili." Nikakujibu kwamba mimi si mkimbizi, mimi nina tikiti ya kurudi. Baba, nisamehe kwa neno lile. Nilidhani unanikasirikia, kumbe ulikuwa unaogopa. Baiskeli yako uliifunga kwa kufuli kule Unguja, nje ya afisi yako, ukatia mfukoni ufunguo ule ulio katika kishada chako mpaka leo. Anayejua harudi haifungi.

Skuli imenipa nafasi ya mwaka wa pili, na afisi imeridhia. Nasser ametia saini. Mimi Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa skuli, nikamwambia nitamaliza mwaka huu mmoja na mwezi wa sita nitarudi. Nasser akaniuliza Ibra kuna nini zaidi ya vumbi. Nikamwambia yupo mtu hajaniitikia.

Nisalimie sana Mama, umwambie fulana aliyonifuma naivaa mpaka ninapolala. Nisalimie dada Rayya, na safari hii asinung'unike kwamba hakupata cha kusoma. Nisalimie Bi Zuwena, jirani yetu anayetugawia kila anachopika, na Mwalimu Hamed aliyenifundisha msahafu.

Siku ile tulipozirudisha baiskeli dukani, mwenye duka alininyooshea mkono. Niliukamata ule ufunguo muda kidogo, kisha nikampa. Huu wa chumba nitamkabidhi yule mama siku ya kuondoka. Sitakuja na ufunguo wowote wa hapa.

Nikifika nitasimama pale pale mlangoni. Shikamoo, Baba.

Mwanao,
Khalfan